Nani Alikwambia Imeharibika?

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda: yule fundi redio mimi sijamsamehe, na asitumwe mtu kuja kutusuluhisha. Wapo wanaosema kosa lenyewe dogo, tena la mtu mwenye nia njema. Hao hawakuuona uso wa mjomba siku ile.

Mjomba ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, ngazi za nje, chochote kinachoshikana kwa moto. Mimi ndiye ninayezipaka rangi kazi zake, kwa hiyo kutwa tuko pamoja chini ya paa moja la mabati, yeye na cheche zake, mimi na bomba langu la kupulizia. Mikono yake imejaa makovu ya moto, na kucha zake sijawahi kuziona safi hata siku ya harusi. Maneno hana mengi, ila yakitoka yanatoka yamewaka. Mteja akija kutaka geti lenye maua na tausi kama la jirani yake, mjomba humwangalia kuanzia viatuni akipanda taratibu, halafu humwambia akanunue pazia.

Mtaani anaitwa Mkwaruzo. Wengi hudhani ni kwa sababu ya mashine ya kukatia vyuma inavyolia. Wapi! Jina hilo lilitoka kwenye gitaa, kabla hata hajajua kushika chuma.

Ujanani alikuwa na rafiki, utingo wa lori la masafa marefu, ambaye baadaye akawa dereva, na mpaka leo tunamwita Dereva ingawa lori alishaliacha. Huyo ndiye aliyerudi safari moja na kaseti ya roki, ile roki nzito ya watu wenye nywele mpaka mgongoni, wanaopiga magitaa utadhani wanabomoa nyumba. Kaseti haikuwa na jina wala picha. Mjomba, mdogo wake na Dereva waliisikiliza mpaka utepe ukakatika, wakauunga, wakaendelea. Mjomba anasema siku aliyoisikia kwa mara ya kwanza alihisi kuna mtu hatimaye amekasirika kwa niaba yake.

"Redioni walikuwa wananibembeleza tu," huniambia. "Mimi nimefukuzwa shule, nyumbani hakuna kitu, halafu mtu ananiimbia macho ya mchumba wake. Macho nitakula?"

Wakaunda bendi. Mjomba besi na kuimba, Dereva ngoma, na mjomba mdogo, yule mdogo wake, gitaa la solo. Tatizo likawa sauti. Kwenye kaseti gitaa liliunguruma, lilikwaruza, liliuma. Lao lilitoka safi kama la kwenye chakula cha jioni cha wakubwa. Walizungusha kila kitufe cha ile amplifaya yao kuukuu, wapi. Ndipo mjomba mdogo, ambaye hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe, akapiga magoti mbele ya spika iliyokuwa humo humo ndani ya amplifaya, akaichana karatasi yake kwa wembe, toka kati mpaka ukingoni. Mama yangu, ambaye ni dada yao mkubwa, alimfuma hapo hapo akadhani mtoto amerukwa na akili. Akaanza kufoka. Hajamaliza, mjomba mdogo akagusa uzi mmoja wa gitaa, na kile kitu kikatoka: sauti yenye koo lililochubuka, inayotetemeka kwa hasira. Mama anasema aliisikia tumboni. Anasema pia aliichukia, na sauti yenyewe anaichukia hadi leo, lakini hakuna siku aliyowahi kuruhusu mtu aiguse ile spika.

Basi wakapiga. Kwenye ukumbi wa kwanza, baada ya wimbo wa kwanza, baba mmoja alisogea jukwaani kwa adabu zote akawaambia, "Vijana, mkimaliza kujaribu vyombo mtuambie, tukae." Mjomba anaisimulia hiyo kama kichekesho, lakini ukimtazama taya utaona bado inamuuma. Waliitwa wavuta bangi. Waliitwa watoto wa shetani, wao ambao walikuwa wakimaliza mazoezi wanampelekea mama yao maji. Kila mwenye kinanda na kwaya alipewa kipaza sauti, wao walikatiwa umeme katikati ya wimbo. Mpaka leo ukitaka kumpandisha mjomba mori, mwambie tu "zile kelele zenu". Mimi mwenyewe siku hizi neno hilo linanipandisha.

Mjomba mdogo aliugua kifua akafa kijana, kabla hawajapata mtu wa kuwarekodi. Mimi sikumkuta hai. Picha yake iko moja, naye amegeuka, sura haionekani. Nilichokuwa nacho ni mkwaruzo. Mjomba alijifundisha sehemu zote za mdogo wake, akaacha besi, na Jumapili mashine zikizimwa hulitoa gitaa lile lile, kwenye amplifaya ile ile, akapiga. Tangu nikiwa mdogo, nikiisikia sauti ile nilijua ndugu wa mama yangu anaongea. Hivyo ndivyo nilivyomjua, kwa mchano wa wembe kwenye karatasi.

Sasa Dereva masikio yamemwisha. Ngoma upande mmoja, injini ya lori upande mwingine, vimemla pole pole. Daktari alimwambia sikio moja limeshakwenda na la pili liko njiani. Binti yake akaamua kumchukua akakae naye, mbali na huku. Kabla ya kuondoka mzee alikuja pale karakana, akakaa kwenye benchi langu lenye rangi mbichi, akaharibu suruali, wala hakujali.

"Nataka nimsikie dogo," alimwambia mjomba. "Mara moja tu, kabla sijafunga duka."

Hakusema anataka kusikia wimbo. Alisema nimsikie. Mjomba akakubali kwa kichwa, akaenda kujifanya anatafuta kitu kwenye vyuma chakavu.

Amplifaya ilikuwa imeanza kurusha umeme kwenye waya. Mke wa mjomba akasema ipelekwe kwa kaka yake, fundi redio, ambaye ana kibanda kizuri na wateja tele, na kweli kazi anaijua. Mjomba akasema, nami nikiwa nimesimama hapo na brashi mkononi, "Waya tu. Mwambie asiguse kingine." Mkewe anaapa alifikisha ujumbe vile vile. Namwamini. Tatizo ni kwamba ukimwambia fundi asiguse kitu, ndipo anapotaka kukiona.

Jumapili mchana tukafagia karakana. Tukazikung'uta vumbi ngoma za zamani, Dereva akakaa nyuma ya ngoma hizo amevaa shati la pasi. Mama naye alikuja, akakaa mlangoni kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine. Fundi redio akaileta amplifaya mwenyewe kwenye toroli, amefuta mpaka pembe zinang'aa, uso umejaa tabasamu. Mjomba akachomeka gitaa, akavuta pumzi, akapiga.

Ikatoka sauti safi. Laini. Nzuri kabisa, kama ya kuita watu waje wale.

Mjomba akadhani ni kitufe. Akazungusha huku, akazungusha kule. Akapiga tena. Halafu akageuka.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Si nilitaka nikushtue!" fundi redio akasema. "Spika ilikuwa imechanika vibaya, sijui ni panya. Nimekuwekea karatasi mpya. Na usiniulize bei, hiyo ni yangu kwako."

"Nani alikwambia imeharibika?"

Fundi redio akacheka, akidhani anataniwa. "Shemeji, nimeiona kwa macho yangu. Imepasuka toka kati mpaka mwisho. Ningekurudishia kitu kama kile, si watu wangesema ndiyo kazi yangu hiyo?"

"Karatasi ya zamani iko wapi?"

"Ile? Nilichoma na takataka."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Mjomba aliliweka gitaa chini kwa uangalifu mkubwa, na hapo ndipo nilipoogopa. Akatoka nje, akashika nyundo kubwa, akalirukia geti lililokuwa limeegemezwa ukutani, geti la mteja, nililomaliza kulipaka jana yake. Alilipiga mpaka likajikunja na rangi ikaruka vipande. Mimi niliangalia tu, nikatamani na mimi nipate nyundo.

"Jamani, kwa karatasi tu?" fundi redio akaniuliza, mikono ameitandaza.

Nilimjibu, na sikuchagua maneno. Nilimwambia alichochoma ni mtu. Nilimwambia kuna watu hawawezi kuona kitu cha mwenzao bila kukinyoosha, na kwamba waliokuwa wakiwakatia umeme akina mjomba walikuwa afadhali, maana wao hawakutaka kushukuriwa. Mke wa mjomba akaniambia nimeota pembe, huyo ni sawa na baba yangu. Nikamwambia baba yangu angebadilisha waya akanyamaza.

Katika zogo lote hilo Dereva alikuwa ameketi na fimbo zake, anatukodolea macho.

"Kuna nini? Mbona hapigi?"

Nikamwendea kwenye sikio lililobaki, nikapaza sauti. "Spika imetengenezwa!"

"Hongereni!"

"Hapana, mzee! Wamebandika mpya! Ule mchano haupo!"

 Akazilaza fimbo juu ya ngoma, moja moja, akaifungua kola ya shati lake la pasi.

Mjomba akarudi ndani anahema. Hakumtazama mtu. Alichukua kisu changu cha kukatia karatasi ninazozibia vioo nikipuliza rangi, akapiga magoti mbele ya ile spika mpya. Fundi redio akaruka akamshika mkono.

"Shemeji! Kitu kipya hicho! Usiniaibishe!"

"Niachie, au nitaanza na shati lako."

Akamwachia. Mjomba akachana. Mchano ukaenda mshazari, ukakwama, akaurudia kwa nguvu mpaka karatasi ikaning'inia. Akasimama, akapiga.

Iliunguruma, ndiyo. Lakini ilikuwa sauti nzito zaidi, mbaya zaidi, ina kitu kinachopigapiga ndani kama bati lililolegea. Mjomba akakaza meno akaendelea, na Dereva, alipoona vidole vinakimbia, akaokota fimbo zake akaingia. Wakaenda hivyo kidogo. Mimi najua mjomba alikuwa anaomba nini: anaomba sikio lile bovu lisijue tofauti.

Dereva akasimamisha ngoma.

"Siyo yeye," akasema.

Aliyasema kwa sauti ya juu mno, kama wasemavyo viziwi, na yakatufikia wote. Mama akafunika uso. Fundi redio akaangalia viatu vyake, na ilikuwa saa yake ya kuviangalia. Mjomba akalegeza gitaa. Nilidhani atalivunja. Badala yake akaenda mpaka kwenye zile ngoma, akamshika Dereva kichwa kwa mikono miwili, akamfokea sikioni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Najua siyo yeye! Yeye amekufa! Ni mimi huyu! Miaka yote unakuja hapa, unamsikia yeye, dada anamsikia yeye, mtoto huyu wa dada anamsikia yeye! Mimi nani amenisikia? Leo nisikie mimi, mshenzi wewe! Piga!"

Nilihisi uso wangu umepata moto. Hakuna aliyejua pa kuangalia. Dereva akaokota fimbo, akapiga. Akapiga kama anadai kitu. Mjomba akarudi kwenye ile sauti yake mbaya, akaikanyaga, akaivuta, akaimba kwa koo ambalo halijaimba tangu wamzike mdogo wake, na mabati juu yetu yakalia. Jirani alikuja mlangoni kulalamika, akamwona mama alivyomtazama, akarudi kwake.

Dereva aliondoka wiki hiyo hiyo. Juzi binti yake amenipigia simu, akasema sikio la pili nalo limezima kabisa. Akasema anamwandikia baba yake maneno kwenye karatasi, na alipomwandikia kumpa pole, mzee akamjibu kwamba asihangaike, kwani cha mwisho alichosikia alikielewa.

Nikampelekea mjomba salamu hizo neno kwa neno.  Akashusha kofia ya kuchomelea usoni, akawasha mashine, akaanza kuunganisha vipande viwili vya chuma ambavyo havikuwa vya mteja yeyote. Mkewe alipokuja mlangoni kuuliza kama kaka yake anaweza kuja kumwamkia, sikumsubiri mjomba azime mashine. Nilimwambia hapana.