Sikulia Siku ya Kumzika Mwanangu

Kwako mhariri, na kwenu wasomaji wa ukurasa huu. Naomba jina langu lisitoke, kwa maana huku kwetu, upande wa Kikoneni, gazeti moja husomwa na watu ishirini. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, nimeolewa. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, kwa hiyo mkiona nimekosea mnistahi. Nilibatizwa baada ya kumzaa binti yangu, ambaye sasa ana miaka minne. Katika mji wa mume wangu wengine ni Waislamu, wengine wanashika mambo ya wazee, na tulikuwa tukikaa vizuri.

Mwanangu wa pili alikuwa mvulana. Alizaliwa mwezi ule bendera yetu ilipopandishwa, baba yake akamwita Uhuru. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kinu. Asubuhi moja alishikwa na homa, adhuhuri ikamwingia degedege. Tulikuwa njiani kumpeleka Msambweni, mimi nimembeba, nikahisi amekuwa mzito. Sikuambiwa na mtu. Nilijua.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilipofundishwa dini nilishika jambo moja, kwamba wafu wetu wamelala tu na tutaonana nao. Nikajiambia, nikipiga ukemi wa kilio nitakuwa namwambia Mungu kuwa simwamini, na pengine siku ile ya kuonana nitanyimwa mwanangu. Kwa hiyo matangani, wanawake walipojitupa chini wakilia, mimi niliketi mkekani nimeuma meno, maziwa yananichuruzika hadi kiunoni. Nilipoona nitashindwa, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani, polepole. Wifi yangu akanitazama, akasema mbele ya watu wote, "Mbuzi wetu akifiwa hulia siku mbili. Huyu anaimba. Au anajua mtoto amekwenda wapi, maana yeye ndiye aliyempeleka."

Maneno hayo, kwamba nimemroga mwanangu, yalizunguka mji mzima. Wazee wakakata shauri: mahindi yakishavunwa nipelekwe kwa mganga nikale kiraho. Ni kipande cha papai kilichosomewa, na wanasema mwenye hatia huvimba mdomo. Nikikataa ni kama nimekiri. Nitarudi kwetu peke yangu, na binti yangu atabaki kwao.

Mume wangu hufanya kazi ya kupakia malori kule Mackinnon Road. Alipokuja akaniambia, "Kula hilo papai tumalize maneno. Ni papai tu."

Nikamwuliza, "Kama ni papai tu, mbona huniangalii?"

Alikuwa akifunga viatu vyake, na vilikuwa vimekwisha kufungwa.

Mavyaa wangu, yaani mama yake, si mtu mbaya. Alinifuata kisimani akasema, "Mwanangu, lia. Lia hata mara moja nikusikie."

Nikamwambia, "Mama, nikilia sasa si watasema nalia kwa kuogopa kiraho?"

Akatua mtungi wake chini. "Watasema," akajibu. "Lakini mimi nitakuwa nimekusikia. Mimi nimezika wanne. Mwanamke asiyelia simjui, nitamtetea vipi?"

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kanisa. Nilipomweleza kwa nini sikulia, aliinamisha kichwa. "Nani alikukataza, binti yangu? Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, naye alijua kuwa atamfufua." Juu ya papai akasema nisile kabisa, kwani nitakuwa nimempa mganga kiti cha Mungu. Nikamwuliza, "Na mtoto wangu je, mwalimu?" Akasema tutaomba. Tuliomba. Ni mtu mwema, lakini si yeye atakayenyang'anywa mtoto.

Tangu mwalimu aliponiambia kuwa sikukatazwa kulia, kilio kimenikaa kooni. Nakimeza nikitwanga, nakimeza nikiwa shambani, kwa sababu sina saa ya kukitoa bila kukigeuza ushahidi. Ningalilia siku ile, leo nisingalikuwa na kesi. Nikilia leo, nimejifunga mwenyewe.

Wasomaji, habari ya Uhuru hainitishi. Naamini nitamwona, na imani hiyo sijaipoteza hata kwa maneno ya wifi yangu. Ninayemhofia ni huyu aliye hai. Jana nilikuta nguo zake mbili zimeanikwa kwa shangazi yake, yule wifi yangu. Nilipouliza, niliambiwa ni ili mtoto azoee kukaa huko.

Nyinyi mliozika watoto na bado mnamwamini Mungu, nishikeni mkono. Nile kiraho nimkosee yeye aliyeniahidi kunirudishia mmoja, au nikatae nimpoteze mwingine? Mnijibu mapema. Huku watu wameshaanza kunoa mapanga ya kuvunia.