Nyama ya Msaragambo

"Bibi, ulikaa ofisini miaka yote ile, mbona hukuwa na mshahara wa maana?"

Swali hili wananiuliza wajukuu zangu, wamekaa kwenye viti nilivyonunua kwa mshahara huohuo usio wa maana, wananywa chai yangu. Wanadhani nilikuwa nimelala. Wanadhani mshahara mnono ulikuwa unaning'inia mahali kama ndizi mbivu, nami nikaona uvivu kunyoosha mkono. Mtu asikasirike? Mimi nakasirika. Basi leo nawaeleza, na atakayenidakia kabla sijamaliza ataosha vyombo vya wiki nzima.

Nilikuwa karani wa hesabu pale Lushoto, katika shirika la umma lililokuwa likinunua matunda na mboga za wakulima wa milimani. Jina la shirika haliwasaidii kitu, lilishakufa na mimi nipo. Kila alipoajiriwa kijana mpya aliletwa kwenye meza yangu. "Ndugu, mfundishe kazi huyu." Nami namfundisha, tena kwa moyo, namwonyesha mpaka mahali pa kununua sambusa nzuri. Msimu hauishi, yule kijana anaitwa ndani, akitoka huko ni mkubwa wangu. Wakubwa wangu watatu niliwafundisha mimi kwa mikono yangu. Nikiuliza kulikoni, naambiwa: wewe mwanamke, utaolewa. Nikaolewa. Nikaambiwa: utazaa. Nikazaa. Nikaambiwa: una watoto wadogo. Watoto wakakua, mume akahamia Tanga kwa mwenzangu. Nikaambiwa: sasa huna utulivu. Jamani!

Ningeweza kuvumilia, maana nilishazoea. Kilichonitoa kwenye kuvumilia ni mguu wa mama yangu.

Mama alikuwa akiishi kijijini kwetu, upande wa Vuga, unashuka basi Soni halafu unapanda kwa miguu mpaka kifua kinawaka. Shamba lake lilikuwa limesimama. Watu wa nchi za tambarare hawanielewi nikisema shamba limesimama, lakini Msambaa ananielewa: unalima umeinama mbele na bado kilima kinakugusa pua. Siku moja ya manyunyu alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe, akateleza, akabiringika mpaka kwenye migomba. Mguu ukavunjika juu ya goti. Ukaungwa, lakini ukaungika vibaya, na tangu hapo akawa anatembelea mkongojo na kusema hajambo, huku uso wote umekunjamana.

Nilitaka kumchukua nikae naye. Wapi sasa? Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, mimi na watoto, choo kiko huko chini kwenye ngazi za mawe zilizoota ukungu. Mama mwenye mguu ule angeshuka ngazi zile mara moja tu. Ila nilijua nyumba moja. Nyumba ya shirika, iko pahali tambarare, sakafu ya saruji, bomba ndani, choo ndani. Ilikuwa ya mhasibu wa tawi. Ukipata cheo kile unapata mshahara wake na unapata nyumba yake. Kwa hiyo mkisikia nilitaka mshahara mkubwa, msidhani nilitaka magauni. Nilitaka choo ambacho mama yangu angeweza kukifikia.

Mhasibu aliyekuwepo akahamishwa. Meneja wetu, mtu wa mkoa mwingine na mwema kwa kweli, akaniita ofisini kwake.

"Ndugu, safari hii nimepeleka jina lako, na wakubwa wamelikubali. Limebaki jambo dogo tu."

Nikatamani kucheka na kulia. Nikamwambia, "Jambo gani, Ndugu Meneja?"

"Cheo hiki ni cha uongozi. Chama kitatuma watu kijijini kwenu wahakikishe unatimiza masharti ya uongozi. Kwako sina shaka, ni desturi tu."

Masharti hayo nilikuwa nayajua kwa moyo. Tangu lilipotoka Azimio, kiongozi hakutakiwa kuwa na mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha, wala kushiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Tena niliyapenda! Nilipiga makofi uwanjani mpaka viganja vikauma. Mimi mishahara miwili ningeitoa wapi, na mmoja wenyewe ulikuwa wa kubembeleza? Nyumba ya kupangisha, mimi mpangaji? Nikatoka ofisini nimevimba kichwa, nikapita mbele ya ile nyumba tambarare, nikachungulia dirishani nione kitanda cha mama kitakaa upande gani.

Wajumbe wakaja Jumapili, wawili. Mmoja, aliyekuwa mkubwa, alikuwa mtu wa pwani, sauti nzuri, viatu visivyofaa kwa njia ya kwetu. Mwenzake alikuwa kijana wa mjini, kazi yake kutikisa kichwa. Walifika wanahema. Mama alikuwa amewatandikia mkeka na kuwatolea viti, majirani wamekusanyika, watoto wote "shikamoo, shikamoo" mpaka wageni wakachoka kuitikia marahaba. Mimi nikaambiwa nikae pembeni, nisiseme kitu, maana habari zangu zitasemwa na wananchi.

Yakaenda vizuri. Ana duka? Hana. Ana gari? Watu wakacheka. Ana nyumba mjini? Kapanga. Kisha yule mkubwa akatazama bondeni, akaona shamba la mama lilivyopendeza, maharage yamesimama safi, hamna hata gugu. Akaangalia mkongojo wa mama.

"Na shamba lile, nani amelilima?"

Akajibu mama mkubwa. Nasema mama mkubwa kwa heshima, hatukuwa wa damu moja, alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na ndiye aliyekuwa akiitisha msaragambo mtaani kwetu. Mwenzenu akiumwa, au akifiwa, au akizidiwa, mnakwenda na majembe yenu wote siku moja, mnalilima shamba lake, mnakula chochote alichopika, mnakwenda zenu. Kesho ni zamu ya mwingine. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi kabla hajatokea mtu wa kutufundisha ujamaa kwa kipaza sauti.

"Tumelilima sisi," akasema kwa fahari. "Mtaa mzima!"

"Mkalipwa nini?"

Hapa ndipo mnapaswa kujua tabia ya kwetu, maana wale wageni hawakuijua na hawakuuliza. Kwetu, ukila kwa mtu, ukitoka ukaulizwa umekula nini, unasema umekula nyama. Hata kama ulikula mnavu na chumvi. Ukisema mnavu umemvua nguo mwenye nyumba. Na kwa mtu mgonjwa ndiyo usiseme kabisa. Siku ile ya msaragambo tulikula makande. Nayajua, niliyapika mimi, mahindi mengi maharage machache, mafuta hakuna, na sukari ya chai iliishia kwa watu wa kwanza.

Mama mkubwa akanyoosha shingo. Alitaka kunipamba mbele ya wakubwa, masikini.

"Kulipwa? Ah! Sisi tulikula nyama! Huyu binti alichinja mbuzi. Tukala, tukashiba, na nyingine tukafungiwa tupeleke kwa watoto."

"Mbuzi mkubwa," akaongeza jirani mwingine.

"Mbuzi wawili," akasema wa tatu. Naye siku ile hata hakuwepo!

Nikaona uso wa yule mtu wa pwani unabadilika. Akamgeukia mwenzake, naye akatikisa kichwa. Nikashindwa kukaa kimya. Nikasimama.

"Ndugu, si kweli! Yalikuwa makande! Makande makavu, mimi ndiye niliyeyapika, mbuzi sisi tutamtoa wapi?"

Mama mkubwa akaniangalia kama nimempiga kofi. Nimemfanya mwongo mbele ya wageni, nimemfanya mama yangu mchoyo mbele ya mtaa wote, mtaa uliotoka na majembe kwa ajili ya mguu wake. Yule mkubwa akamgeukia mama.

"Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Walikula nini?"

Mama akanitazama. Alikuwa anajua nyumba ile ya tambarare, nilikuwa nimemsimulia kila kitu mpaka bomba lilivyo. Akawatazama majirani zake. Kisha akashika mkongojo wake vizuri.

"Walikula nyama," akasema.

Sikumchukia. Nimeulizwa mara nyingi kama nilimchukia, na jibu ni hapana. Nawachukia wale waliokaa kwenye viti vyetu, wakanywa chai yetu, wakasikia mtaa mzima umekwenda kumlimia mlemavu, na wasione chochote ila kosa. Yule mkubwa akasimama, akatoa hotuba. Akasema hapa Vuga palikuwa makao ya watawala wa zamani, wananchi wakiwalimia mashamba yao kwa kupewa nyama, na uhuru umekuja kuyafuta hayo. Akasema leo anaona kwa macho yake karani wa serikali amejifanya zumbe, chifu wa enzi zile. Kiongozi hawezi kulimiwa na watu kwa ujira wa mbuzi. Huo ni ukabaila. Akalisema neno hilo mara tatu, kila mara kwa sauti nzuri zaidi, na baadhi ya majirani zangu, Mungu awasamehe, wakampigia makofi kwa sababu hotuba ilikuwa imepangika.

Mimi zumbe! Baba yangu alikuwa akilimishwa bure huko Vuga enzi hizo, mgongo wake ulikufa kabla yake. Na mimi ndiye zumbe!

Nikarudi kwa Meneja nikamweleza yote, makande na desturi na kila kitu. Akanisikiliza, kichwa kimeinama. "Nakuamini," akasema, "lakini wananchi wenyewe wamesema, na mama yako amesema. Mimi niseme nini?" Kumbe mtu anaweza kukuamini na asikufae hata kidogo. Cheo akapewa mmoja wa wale vijana niliowafundisha. Huyo alikuwa na vyumba vya kupangisha Tanga kwa jina la mama mkwe wake, na kila mtu ofisini alijua, mpaka mfagiaji. Wajumbe walipokwenda kwao hakuna jirani aliyemsifia, kwa kuwa hakuna jirani aliyewahi kula kwake. Akapita safi kabisa! Akahamia kwenye ile nyumba tambarare, akaweka kuku chumba nilichompangia mama.

Halafu mnaniuliza mbona sikuwa na mshahara wa maana.

Lakini hasira yangu kubwa haiko hapo. Msimu uliofuata mtaa uliogopa. Neno lilikuwa limeenea kwamba msaragambo ni kosa, kwamba ukilima kwa mtu ukala kwake mnaweza kuitwa nyote. Mvua zikanyesha na shamba la mama likakaa na magugu, mara ya kwanza tangu azaliwe. Vipaza sauti vilikuwa vinatuhimiza tushirikiane, na watu waliokuwa wakishirikiana tangu enzi za mababu wamejifungia ndani kwa woga. Mama alikuwa anakaa mlangoni akiyaangalia magugu, mguu ameunyoosha mbele. Hakuwahi kulala hata usiku mmoja kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji.

Basi nikawa naondoka Lushoto Jumamosi mchana, kazi ikiisha, nashuka Soni, napanda, navua viatu vya ofisi, nashika jembe. Mara ya kwanza nililima peke yangu, nalia na kutukana, namtukana yule mtu wa pwani na viatu vyake. Mara ya pili nilipofika nilikuta mtu yuko shambani tayari, ameinama kwenye kilima. Mama mkubwa. Tangu siku ile ya wajumbe hatukuwa tumesemezana.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Watakuita Chamani."

"Waniite."

"Na leo hakuna chakula cha maana nyumbani, nakwambia kabisa."

Akanyanyuka, mkono kiunoni. "Nani kakwambia nimekuja kula? Shika jembe lako, unaongea sana wewe, ndiyo maana wamekunyima kazi."

Weee! Nilitaka kumjibu, ila nilikuwa nacheka. Tukalima mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Mama akatuita, tukala makande, makavu yaleyale. Mama mkubwa akashukuru, akachukua jembe lake, akaingia njiani. Mimi nilikuwa nimebaki ukingoni mwa shamba, kando ya njia, nanawa miguu. Nikasikia watu wanapita, mmoja akamsalimia, akaona udongo kwenye jembe lake, akamuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye woga, umetoka kwa yule mama, je, mmekula nini?

Mama mkubwa akageuka, akatazama kule nilikokuwa. Nadhani alikuwa ananifikiria mimi, na ile nyumba.

Nikasimama, matope mpaka magotini, nikajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde, kila aliyejifungia ndani anisikie, na Chama nacho kikitaka kisikie.

"Nyama! Mwambie tumekula nyama!"