Uko na Nani?

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kawangware 46, Nairobi, watoto walinibandika jina: Mama Uko-na-Nani. Siwalaumu. Mtu akibisha kwangu, hata kama amekuja kurudisha ungo, nilimuuliza hivyo kabla sijagusa komeo. Akisema yuko peke yake, nilichungulia kwenye upenyo wa mabati nihakikishe. Lakini akisema "Bwana asifiwe," sikuuliza wala sikujibu. Nilizima redio, nikakaa kimya mpaka achoke aende zake.

Na mimi ni mtu wa kanisa! Jumapili nikisalimiwa hivyo niliitikia "Amen" kama wengine, kwa sababu kanisani mlango huwa wazi na mimi hukaa karibu nao. Nyumbani ndipo salamu ile ilikosa ruhusa ya kuingia.

Zamani tuliishi Soweto West, Kibera, mimi na mume wangu. Mlango wetu ulitazamana na wa mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja. Karibu kila jioni tuliomba pamoja kabla ya kupika, leo kwangu, kesho kwake. Hakuwa na haja ya kugonga. Aliita "Bwana asifiwe," nami nikafungua huku nikiitikia. Wakati wa vurugu za uchaguzi tulijifungia ndani, mimi na mume wangu, hata jiko tukaliwashia humo humo. Jua likiwa bado juu ya mabati nikasikia sauti ya jirani yangu: "Bwana asifiwe." Nikafungua. Nyuma yake walikuwa wanaume wenye rungu na mapanga, wakitafuta watu wa kabila la mume wangu. Walimtoa nje wakamuua. Nilimzika kwao, magharibi, na niliporudi Nairobi sikukanyaga Kibera tena.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na msemo huo nikaufanya dini yangu ya pili.

Huku Kawangware nilijiunga na tawi la kanisa letu lile lile. Mchungaji aliposikia nimepatwa na makubwa alinishika kichwa mbele ya watu wote akatangaza kwamba nimepona. Wakapiga makofi na vigelegele. Nilirudi nyumbani nikamwita fundi aniongezee komeo la pili.

Waliobaki kunisumbua ni akina mama wa ushirika. Kila Alhamisi mchana huenda kuomba katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu. Yangu ikikaribia, nilikuwa na homa, au nilikuwa na yunifomu za shule za kushona, au jiko limepasuka. Niliamini wanataka kuona ndani kwangu kukoje, wapate la kuzungumza kwenye foleni ya maji. Mwenyekiti wao ndiye niliyemshuku zaidi, maana hakuwahi kupaza sauti wala kukasirika, na mtu wa namna hiyo anaficha nini? Hata Mungu nilimshuku. Salamu iliyoniulia mume ilikuwa yake.

Siku moja huyo mwenyekiti alikuja kwenye kibanda changu cha ushonaji.

"Mama, kuna dada wa kanisa letu huko Soweto West," akasema. "Aliacha kuja kanisani kitambo sana. Akina mama wa huko wakienda kumwona, hafungui. Wewe si ulikuwa unakaa huko? Tupeleke."

"Anakaa wapi?"

"Wanasema nyuma ya tanki la maji, mlango wa bluu."

Niliuacha mkasi katikati ya kitambaa. Mlango wa bluu ndio uliotazamana na wangu.

"Ni nani amekutuma?"

"Sasa nani anitume? Wewe nawe!"

Mpaka leo sijui kama alijua. Nimemuuliza mara nyingi, na kila mara hucheka tu.

Nilikubali kwenda, lakini msidhani ni upendo. Nilitaka kumtazama yule mwanamke usoni, nimuulize walimpa nini.

Mimi na akina mama wa ushirika tulishuka matatu kituo cha Makina tukaendelea kwa miguu, mimi mbele kwa sababu njia ilikuwa haijanitoka. Nyumba yangu ya zamani imekuwa mahali pa kuchajia simu. Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa, na ndani redio ilikuwa ikisoma habari.

"Bwana asifiwe!" mwenyekiti akaita.

Redio ikazimwa.

Wenzangu waliona kimya tu, wakaanza pambio. Mimi nilijua anachofanya yule aliye ndani. Nilijua hata amekaa namna gani. Niliwaambia wanyamaze.

"Ni mimi," nikasema. "Jirani yako wa hapa mbele."

Kisha sauti ile ile, imezeeka kidogo: "Uko na nani?"

Hasira yote niliyotoka nayo Kawangware iliniishia hapo. Nikajibu, "Niko na akina mama wa kanisa. Hakuna mwanaume. Chungulia uone."

Akachungulia. Kisha nikasikia makomeo yakivutwa, moja, halafu lingine, halafu lingine. Huyu alikuwa amenizidi.

Hakunipa mkono. Alisimama katikati ya chumba kama mtu anayengoja kupigwa.

"Walikuwa wamemshika mtoto wangu," akasema. "Wakaniambia nikuite vile huwa nakuita. Tangu hiyo siku sijawahi kusema hayo maneno. Kanisani utaingia aje, na huwezi kusalimia watu?"

Nilimkazia macho nikitafuta uongo. Machozi hayanitishi, najua watu hulia wakitaka. Lakini nani atunge kwamba aliacha kanisa kwa sababu ya salamu? Mwongo angeleta hadithi nzuri zaidi. Nilimwamini, na iliniuma vibaya, kwa kuwa miaka yote hiyo nilikuwa na mtu wa kumchukia, na sasa sina.

Mwenyekiti hakutangaza kwamba tumepona. Alituambia tuketi, akaniomba mimi niombe. Sikuwa na maneno ya kanisani. Nilisema, "Mungu, huyu nilimtupia lawama yote, na iliyobaki nikakutupia wewe." Nikalia hapo hapo, kwa sauti, na jirani yangu akanishika bega. Sikuutoa mkono wake.

Zamu yangu ilipofika tena sikuugua. Alhamisi hiyo nilipika chai, nikaazima mabenchi kwa majirani, kisha nikafunga makomeo yote mawili nikangoja. Nikasikia nyayo nyingi, halafu kunong'ona, kama kuna mtu anasukumwa mbele. Nikaanza kushuku. Ndipo sauti ikaita, ikitetemeka, ikakwama katikati, ikamalizia:

"Bwana... asifiwe."

Mwili wangu wote ulikumbuka. Mkono ulikuwa kwenye komeo na ulikataa kusogea, mpaka nikaulazimisha.

"Amen," nikasema, nikafungua.

Alikuwa yeye. Nilimshika mkono, kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikachungulia nyuma yake. Walikuwa akina mama tu, na nyuma yao watoto wa ploti wakirukaruka na kupiga kelele: "Hajauliza! Leo hajauliza!"