Kiti cha Katikati ya Spika

Mtaani walimwita Mama Masikio, na wala si kwa ubaya. Yalikuwa masikio ya kawaida tu, tena madogo, lakini ndiyo yaliyomwoza. Alipokuwa msichana alifua vitambaa vya meza vya ukumbi wa sherehe. Siku moja alipovirudisha alimkuta fundi wa spika amezungusha vitufe mpaka amekata tamaa, hajui kwa nini wageni wanaokaa karibu na nguzo ya tatu hulalamika kila mara kwamba hawasikii vizuri. Msichana akapita na mzigo wake kichwani, akarudi nyuma kidogo, akapita tena.

"Hapa sauti inakufa," akasema. "Ukisogea kidogo, inafufuka."

Ndugu zake fundi walipomuuliza baadaye amempendea nini binti yule, alijibu kwamba alikuwa anahitaji masikio, hayo mengine alipewa nyongeza.

Wakawa wanafanya kazi pamoja. Fundi alikuwa akipiga mlio mmoja mwembamba kwenye spika mbili za ukumbi, na mkewe akitembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta. Mlio ulijaa, ukafifia, ukajaa tena, na hakuna aliyegusa kitu. Kila ulipofifia aliinua mkono. Mwanzoni alidhani kuna mkono wa mtu, maana nguzo zile hakuziamini. Mumewe akamweleza kwa shuka, siku moja walipokuwa wanaanua nguo.

"Shika huko, nami nishike huku. Tupandishe kwa pamoja. Umeona katikati inavyoruka? Sasa mimi nikipandisha, wewe shusha."

Wakafanya hivyo, na katikati ya shuka pakatulia, huku wao wawili wanahangaika na mikono.

"Spika nazo ndivyo zilivyo," akasema. "Sauti mbili zikifika mahali zimeafikiana, zinabebana. Moja ikichelewa njiani, ikafika inapanda wakati mwenzake inashuka, zinamezana."

"Nimeelewa," akasema mkewe. "Sasa tukunje, mvua inakuja."

Nyumbani fundi alimwekea kiti chake katikati kabisa ya spika mbili za sebuleni, umbali sawa huku na huku, mahali ambapo sauti zinafika kwa pamoja bila kugombana. Mgeni aliyekikalia kiti kile aliombwa kuhama, hata angekuwa nani.

Fundi alipofariki, sebule ilitolewa kila kitu ili waombolezaji wapate pa kukaa. Msiba ulipokwisha, shemeji akarudisha vyombo na kuunga spika. Shemeji huyu, mdogo wake marehemu, ni mtu mwema asiyejua kukataa kazi. Bomba linalodondosha matone, akilishika yeye, linaanza kumwaga. Lakini alikuja na moyo wake wote, na nani angemkatalia siku kama ile?

Kaseti yenye sauti ya marehemu ilikuwa moja tu. Aliirekodi ukumbini, akijaribu kipaza sauti: "Moja, mbili. Mama Masikio, hapo ulipo vipi? Sogea kulia. Inua mkono basi, au umeninunia?" Siku nyumba ilipobaki tupu, mjane aliketi kwenye kiti chake akaiweka. Sauti ikatoka nyembamba, haina kifua, kama ya mtu anayeongea ndani ya debe, na hakujua hata inatoka upande gani. Akajua kaseti imeanza kuisha. Mumewe mwenyewe alizoea kusema kwamba kaseti huchakaa kwa kuchezwa. Akaitoa, akaifunga kwenye kitambaa, akaificha kabatini, na akampiga marufuku bintiye kuigusa.

Hicho kidogo kilichobaki alitaka kukitunza, na njia pekee aliyoijua ni kutokisikiliza. Jioni alikaa kwenye kiti chake, redio imezimwa, akimtamani mumewe. Alipokuwa akipiga pasi alijaribu kuigiza namna mumewe alivyomwita. Siku aliyogundua kwamba haikumbuki vizuri tena, aliogopa kuliko hata siku ya mazishi. Mtu akishazikwa hazikwi tena, lakini huyu wake alikuwa anazidi kwenda.

Alasiri moja aliwahi kurudi kutoka ukumbini akaingia kwa mlango wa nyuma. Akiwa kwenye ujia wa kwenda sebuleni, akamsikia mumewe. Ni yeye hasa, sauti nzito yenye kifua, na kikohozi chake kile cha kujisafisha koo. Mlangoni pa sebule alimkuta bintiye amekaa sakafuni, shavu limekaribia kugusa spika.

Binti akazima haraka. "Mama, nisamehe. Najua ulikataza."

"Washa."

"Mama, sikutaka..."

"Washa, mwanangu."

Akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akaketi. Sauti ikawa ya debe. Akainuka, akarudi mlangoni, penye spika ya karibu. Kifua kikarudi. Akaenda kitini, akarudi mlangoni, mkoba bado uko begani.

"Mama, unatafuta nini?"

"Namtafuta baba yako."

Kisha akasimama. "Nani aliunga nyaya hizi?"

"Si ni baba mdogo!"

Mama Masikio alicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, akapiga magoti nyuma ya spika. Kwenye spika hiyo moja, waya mwekundu uliingizwa pa mweusi, na mweusi pa mwekundu. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa, na mwenzake inavuta. Na zilipomezana zaidi ni katikati, kwenye kiti chake. Angeketi popote pengine ndani ya nyumba ile, hata kwenye kigoda cha jikoni, angemsikia mumewe.

"Mimi nilidhani hutaki kumsikia," binti akasema. "Nilidhani umemkasirikia kwa kutuacha. Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza ukitoka."

"Umesikiliza mara nyingi?"

"Karibu kila siku, mama."

Mama hakugomba. Kila siku, na sauti haijapungua hata chembe. Akabadilisha nyaya, akaketi, akamwashiria bintiye abonyeze.

Sauti haikutoka kushoto wala kulia. Ilitoka mbele yake, pale palipokuwa na ukuta mtupu, wazi na nzima, kiasi kwamba alijikuta anapatazama. Muda wote ule alidhani sauti ndiyo aliyopungukiwa. Sasa sauti ilikuwa imesimama mahali pake, haikukosa chochote ila mtu. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Binti akaja akaketi miguuni pake, wakasikiliza pamoja, mpaka fundi akakohoa na kusema, "Haya, inatosha. Tuzime twende nyumbani."

Kukawa kimya. Binti akanyoosha mkono kuitoa kaseti, kama alivyozoea, airudishe kabatini.

"Haijatosha," mama akasema. "Irudishe mwanzo."