Mashua Aliyoilalamikia Dada

Dada yangu aliishi miaka tisa kwenye mashua ndogo ya matanga, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akiisifu hata mara moja. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha, ana duka lake na wateja wa kumgombania. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi friji. Mtoto wao wa mwisho alipohama nyumbani, shemeji akaja na habari kwamba kanunua mashua na anataka wakazunguke visiwani. Nikamwambia, "Shemeji, hebu nikuguse paji la uso, usije ukawa na homa." Dada akacheka, akafunga duka, akabeba cherehani ya mkono, wakaondoka.

Sisi tuliobaki nchi kavu tuliwaonea wivu, nisiseme uongo. Picha zilikuja za maji ya kijani na mchanga mweupe, dada kavaa kofia pana. Lakini akipiga simu, lo! Malalamiko mwanzo mwisho. Kuoga ni vikombe vitatu vya maji baridi, nywele zisubiri mvua. Viatu vya ngozi vinaota ukungu. Mayai sharti yapakwe mafuta na kugeuzwa kila baada ya siku mbili ili yasioze. Maboksi ya dukani hayaingii ndani, maana yana mayai ya mende. Choo ni cha pampu, na kikiziba hakuna wa kumwita, mnavua saa mnakizibua wenyewe huku mashua inayumba. "Watu wanadhani tunastarehe," aliniambia siku moja. "Leo nimeshinda kichwa kimeingia kwenye shimo la injini, namshikia shemeji yako tochi kwa meno!"

Wenye mashua wenzao walimwita shemeji Nahodha. Dada wakambandika Bosi wa Nahodha, kwa sababu wakati wa kutia nanga bandari nzima ilimsikia. "Nimesema kushoto! Kwani wewe kushoto kwako ni wapi?" Shemeji anageuza usukani polepole, anatabasamu.

Kisha macho ya shemeji yakaanza kufifia. Daktari akasema ni presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, na kuendesha mashua kumekwisha. Wakarudi, wakapanga vyumba viwili jirani na kwangu. Mashua ikabaki imefungwa gatini, jua likawa linakula matanga. Msimamizi wa bandari akatueleza wazi: isipopata mwenyewe kabla ya mvua kubwa, itavutwa nje ikatwe vipande, kwa sababu hakuna anayeitoa maji na itazama pale pale. Dada akaniambia, "Tafuta mnunuzi hata leo. Mimi nimeichoka." Nikaanza kazi, maana kwenye ukoo wetu jambo likiwa zito natafutwa mimi.

Wa kwanza alikuja mwalimu mstaafu na mkewe. Dada akawaingiza kabini, akawaonyesha dirisha lililo juu ya kitanda. "Hili linavuja. Nimelala na sufuria kifuani misimu mitatu." Mke wa mwalimu akamtazama mumewe, wakaaga. Wa pili alikuwa daktari wa meno. Huyo dada akamsimulia jinsi injini ilivyozima wakiwa wanapita katikati ya miamba, upepo unawasukuma, mpaka sala zote anazozijua zikaisha akaanza kuzirudia. Daktari akasema anakwenda kufikiri. Mpaka leo anafikiri.

Damu ikanichemka. "Dada, hivi unauza mashua au unatangaza msiba?"

"Ulitaka niwadanganye watu?" akanijia juu. "Mimi ni mkweli."

"Nahodha, na wewe sema basi! Umekaa tu kama vile mashua si yako."

Shemeji akarekebisha miwani yake myeusi. "Mwache, shemeji. Mwache aseme."

Wa tatu walikuja mawingu yameshaanza kujikusanya. Mume alikuwa dereva wa lori, mke fundi umeme, msichana mwenye vidole vyenye makovu ya kuungua. Dada akaanza wimbo wake: dirisha, mende, choo. Yule msichana hakushtuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mama, mvua ikinyesha siku nne mfululizo, mlikuwa mnafanya nini humu ndani?"

Dada akafungua mdomo, na mimi nikasema moyoni, haya, na huyu naye kaondoka.

"Tulikuwa tunacheza karata," akasema. "Huyu mzee mwizi wa karata, msimwone hivi. Zikituchosha ananisomea gazeti la miezi mitano nyuma, mpaka matangazo ya magodoro. Mara moja nilimshonea shati kwa kitambaa cha tanga kuukuu. Likawa linasimama lenyewe bila mtu! Tulicheka mpaka tukashika mbavu." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Na ndoo zikijaa ananiita juu, ananiosha nywele. Maji tele. Ananimwagia na kunimwagia, mimi nampigia kelele aache, naye haachi."

Nilimtazama dada yangu na aibu ikanishika, kwa kuwa miaka tisa nilipokea simu zake na sikusikia kitu.

Yule msichana akasema kwa upole, "Mama, kama bado hamjawa tayari, tuambieni tu. Hatutakasirika."

"Muulize mwenyewe huyo," dada akasema haraka. "Mashua ni yake. Yeye ndiye asiyeweza kuiacha."

Shemeji alikuwa amekaa ngazini. "Mimi niliiaga siku ile ile, kwa daktari," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe, mke wangu."

Dada akakaa kitandani. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye mashua ya jirani. Hatimaye akasema, "Basi wapeni," na kilio kikamtoka kwa sauti, mbele ya wageni, bila kujifunika uso. Shemeji akanyanyuka, akawa anapapasa hewani kumtafuta, na dada akaunyoosha mkono wake ukakutana na wa mumewe.