Nilitangaza Chetezo cha Kanisani

Wenzangu darasani wananiita muongo, na sikatai: niliwahi kumwambia mwalimu kwamba mbuzi kala daftari langu, na mbuzi hatuna. Lakini hili si la daftari. Hili limenipata mwenyewe, mchana kweupe, siku chache kabla hatujakimbia Kismayo.

Kanisa la Wataliano lilikuwa limeshavunjwa. Viti viligeuka kuni, paa likaenda na wenye nguvu, takataka zikatupwa jaani. Huko mama akaokota chetezo cha minyororo mitatu, cheusi kama sufuria ya harusi, akawa anafukizia nguo zetu udi. Hakuna aliyekitaka, mpaka nahodha mmoja wa kisiwa cha Koyama alipokuja kutuaga. Alikisugua kwa majivu, kikang'aa. Fedha tupu.

"Nipeni hiki," akasema, "niwachukue nyote wanne mpaka Mombasa."

Risasi zilikuwa mtaa wa pili. Ungekuwa wewe, ungefikiri mara mbili?

Baba alifikiri. Baba ni mwalimu wa Kurani. "Kitu cha kuokota hutangazwa," akasema. "Mtu akitaja dalili zake, ni chake."

"Kitangazwe wapi, Baba? Msikitini? Jamani, nani kapoteza chetezo cha padri?"

Mama alicheka, baba hakucheka. "Sharia inataka mwaka mzima, na mwaka hatuna. Nenda katangaze pale pale kilipotoka, kisha uje unambie."

Nikaenda jua la utosini, saa ambayo bibi zetu hutukataza kupita magofuni. Mchanga ulikuwa umejaa ndani kama pwani. Nikapanda pale anaposimama padri, nikakohoa kama imamu: "Nani kapoteza chetezo? Aje na mashahidi wawili waliobatizwa."

"Ni changu."

Mzee mmoja alikuwa anafagia nyuma ya nguzo. Hakunitazama. "Minyororo mitatu. Mmoja nimeuunga kwa waya wa shaba. Ndani, chini ya jivu, mwanangu alichora samaki kwa msumari."

Alikuwa anafagia na mchanga hautikisiki. Nikageuka kutazama nilikotoka, halafu alipo yeye. Nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Niamini, sijawahi kukimbia vile, hata kwa mabomu.

Nyumbani nikamwaga jivu. Waya ulikuwapo. Samaki alikuwapo. Nilipomuuliza, mama akaniambia mfagiaji wa kanisa aliuawa siku lilipovunjwa. Sikumwambia kwa nini nauliza.

"Kuna aliyejibu?" akauliza baba.

Mdogo wangu wa kike alikuwa chini ya kitanda, kaziba masikio. Nikasema, "Hapana, Baba. Kuta tu."

Leo tuko Mombasa, nasoma, na baba huwaambia watu kwamba tumevuka kwa kitu cha halali. Lakini kila adhuhuri, mwalimu akiandika ubaoni, nasikia ufagio nyuma yangu na yule mzee anataja dalili. Mwanzo zilikuwa za chetezo. Siku hizi ni zetu. Kovu la goti la baba. Jino la mama lililovunjika. Juzi akasema: "Yule mdogo ana baka jeusi ndani ya nywele, nyuma ya sikio la kushoto."

Sikuwa najua. Nikamwita, nikamfunua nywele. Lipo.

Basi nawe ukiokota kitu ukakitangaza, na mwenyewe akajibu, mpe, awe hai awe maiti, hata kama mji unawaka. Dalili zangu mimi bado hajazitaja.