Siku Tatu za Makopa

Nilikuwa msimamizi wa ubora katika kiwanda cha unga wa muhogo kule Zegereni, pale mkurugenzi wetu alipoamua kwamba kazi zote zifuate utaratibu mmoja. Alimleta mtaalamu kutoka Dar, mwanamume wa viatu vilivyochongoka, aliyetamka "mchakato" kila alipovuta pumzi. Alikaa wiki mbili chini ya kiyoyozi, akatoka na kitabu kinene. Muhogo wenyewe hakuugusa.

Makopa, yaani muhogo mkavu, tuliyapokea Chole, Kisarawe. Mpokeaji alikuwa mama mtu mzima aliyevunja kopa karibu na sikio. Likilia anapokea, likinyamaza anarudisha. Kitabu kililifuta sikio lake. Sasa muhogo ukianikwa siku tatu upokelewe, mkulima asaini fomu, basi.

Mimi ndiye niliyezipeleka fomu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na mvua ikinyesha siku zote tatu?"

Nilimpigia mtaalamu, nikaweka simu sauti ya nje.

"Siku tatu ni siku tatu," alisema. "Tukibadili kwa kila mvua, hatuna mfumo."

Mama hakuitazama simu, alinitazama mimi. "Wewe umesoma. Umemwelewa?"

Nikamwambia ajaze tu fomu. Hadi leo najidharau kwa jibu lile.

Vuli ilikuja kwa fujo. Magunia yaliingia Zegereni yakiwa na ukungu wa kijani, na ghala likanuka hadi walinzi wakahamisha viti. Mtaalamu alikuja, akapita magunia kama hayaoni, akafunua fomu moja moja.

"Zimejazwa vizuri sana," alisema kwa furaha ya kweli. "Hapa hakuna kosa la mchakato."

Mkurugenzi, mtu mzima na ndevu zake, akaitikia kwa kichwa. Shehena yote ikafukiwa shimoni. Kisha nikaagizwa nimwandikie yule mama barua ya onyo. Hapo nilikataa. Wakaiandika wenyewe, wakaniachia kazi ya kuipeleka.

Nilimkuta ameshaacha kazi yetu. Alikuwa akimpokelea makopa mwenye mashine ya kusaga pale Maili Moja, kwa namna yake ya zamani. Alisoma barua yote, taratibu, akaikunja.

"Wameandika nimekiuka utaratibu. Upi?"

Akanisogezea kigoda, akaendelea kuvunja makopa, nami nikakaa pale mpaka adhuhuri, nikiona aibu kurudi ofisini.